Ngumu Barua

Juzi mjukuu wangu alininyang'anya simu mkononi, akabonyeza mara mbili tatu, akanirudishia huku anacheka. "Nyanya, wewe ni ngumbaru wa simu kabisa!" Mama yake akamkemea, nami nikasema amwache. Hakunitukana. Kwake neno hilo ni la mzaha tu, la kumtania mzee anayebonyeza pasipobonyezwa. Nilicheka naye, kisha nikaenda kuketi jikoni peke yangu mpaka chai yangu ikapoa.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, huko milimani Wundanyi na huku chini Voi, na kama kuna jambo nililowachosha nalo watoto wa watu, ni asili za maneno. Niliwaeleza meza ilitoka wapi, na shule, na duka. Kuhusu mjinga nilikuwa na maelezo niliyoyapenda sana: kwamba zamani watu wa pwani walimwita mjinga mgeni aliyefika majuzi, asiyejua bado mji wala lugha ya mji, na kwamba tusi lilikuja baadaye. Watoto waliyafurahia, maana yalionyesha kwamba ujinga ni kitu cha kupita kama ugeni. Lakini ngumbaru nililiruka. Likitokea kitabuni, nilisema ni mtu mzima asiyejua kusoma na kuandika, fungueni ukurasa unaofuata. Mtoto akiuliza limetoka wapi nilimjibu kwa ukali kwamba hakuna anayejua. Nilikuwa sisemi uongo. Mwalimu mwenzangu mmoja aliapa kwamba neno limeshuka na watu wa bara, mwingine akambishia, na hakuna aliyeweza kutuonyesha ushahidi. Mimi nina asili yangu ya neno hilo, na ninajua si ya kweli kwa sababu niliitunga mwenyewe nikiwa darasa la nne.

Tulikuwa tunakaa Kaloleni, hapa Voi, katika vyumba viwili vya mabati ambavyo mchana havikaliki kwa joto. Baba alikuwa kibarua wa reli. Genge lao lilitengeneza njia huko upande wa Mtito, na tulimwona mara moja kwa mwezi, mara nyingine hata hiyo moja tusiione. Mama, jina lake Eda, alikuwa mtu wa Mata, kule Taveta, kwenye migomba na mifereji ya maji, na sidhani kama aliwahi kuizoea Voi. Upepo ukileta lile vumbi jekundu ndani ya nyumba alisimama mlangoni na ufagio akiliangalia kama mtu aliyeonewa. Kwao alikuwa kifungua mimba. Nyanya alipokwenda shambani, mama ndiye aliyewabeba wadogo zake mgongoni, na huyo wa mwisho, mjomba wangu Elija, alimbeba mpaka mtoto akawa anamwita yeye "mama" na kumwita mama yao kwa jina. Elija akapelekwa shule. Mama akabaki na mbuzi.

Kwa hiyo barua za nyanya aliziandika mjomba Elija, na zilitufikia kupitia sanduku la posta la mwenye duka mmoja aliyepokea barua za mtaa mzima. Kabla mimi sijajua kusoma, mama alizipeleka kwa jirani yetu, Mama Kilonzo. Mama Kilonzo alikuwa na moyo mzuri na mdomo mbaya. Siku moja alimsomea mama kwamba mke wa Elija ametoroka na kurudi kwao, na mama alipofika bombani kuchota maji, wanawake walikuwa tayari wanampa pole. Tangu siku hiyo hakumpa mtu mzima yeyote barua yake. Alisubiri nikue.

Nilipofika darasa la tatu nikawa msomaji wa nyumba. Nyinyi wa rika langu mnajua ilivyokuwa. Siku ya barua mama alinawa mikono kama anayekwenda kula, akanikalisha kwenye kiti cha baba, akanimiminia chai kabla ya kujimiminia yeye. Nilisoma polepole makusudi. Nikifika mahali pazuri nilinyamaza kidogo, nimtazame uso. Mama yangu, ambaye asubuhi alikuwa amenichapa kwa kuvunja bilauri, alinisubiri mdomo wazi. Sitaficha, nilipenda kusubiriwa kuliko nilivyozipenda hizo barua zenyewe.

Mwaka niliokuwa darasa la nne, mwalimu mkuu alitangaza mbele ya gwaride kwamba watu wazima wataanza kusoma shuleni kwetu saa za alasiri, sisi tukitoka. Naibu wa chifu naye alipita nyumba kwa nyumba akiandika majina. Ndipo neno ngumbaru likaingia uwanjani kwetu, na kwa kuwa hakuna aliyelijua, kila mmoja akawa analijua. Mmoja akasema ni ugonjwa wa kichwa. Mwingine akasema ni kabila. Mimi, malkia wa barua, nikasimama juu ya jiwe nikawafafanulia: "Ni ngumu barua. Mtu ambaye barua ni ngumu kwake. Halafu inakatwa pale mwisho, kwa sababu yeye hawezi kumaliza neno." Wakanitazama kwa heshima. Nilikwenda nyumbani nimevimba kichwa.

Nilimkuta mama ameweka meza yetu katikati ya chumba na juu yake daftari jipya.

"Nimeandikwa jina," akasema. "Naanza Jumatatu."

"Kuanza nini?"

"Kusoma. Nataka hii barua ya mama yangu niisome mwenyewe. Hata kama wewe haupo. Hata kama nikiwa nimelala nikumbuke kitu, niamke, nisome tena."

Alisema kwa furaha, akinitazama kama anayenipa zawadi, maana alidhani ananiondolea mzigo. Nilihisi kama mtu aliyevuliwa nguo. Nilimwambia, "Ni ngumu, mama," naye akacheka akasema na kulima ni ngumu.

Kwa miezi kadhaa alikuja nyumbani na chaki kwenye vidole na pembeni ya kitambaa chake cha kichwa. Alifua, akapika, akapepeta mahindi huku midomo yake ikienda: ba, be, bi, bo, bu. Aliweza "baba". Aliweza "mama", na siku alipoliweza hilo aliliandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, herufi moja kubwa na nyingine ndogo. Alinionyesha, akangoja nimsifu. Nilisema herufi ya tatu imelala. Akaifuta kwa kiganja akaiandika upya.

Darasa lao lilikuwa chumba chetu cha darasa la nne. Sisi tuliotoka tulitakiwa kwenda nyumbani, lakini nani huenda nyumbani? Tulizunguka nyuma tukajipanga kwenye madirisha yasiyo na vioo kuwatazama wazee wakibanwa na madawati. Kwa muda mrefu mimi sikuwa nikienda. Siku niliyokwenda ilikuwa ni kwa sababu ya Righa, msichana mgeni aliyehamia kutoka Mombasa na soksi nyeupe, ambaye mama yake alikuwa nesi. Nilitaka sana awe rafiki yangu. Alinishika mkono akanivuta mpaka dirishani.

Mama alikuwa amekaa kwenye dawati langu. Sijui kama alijua ni langu. Mbele yake kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa bawabu, na pembeni wanawake wanne watano, mmoja akinyonyesha. Mwalimu wao alikuwa msichana mdogo aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita. Aliandika neno ubaoni, akamwomba mama asimame alisome.

Neno lilikuwa "ndizi". Mama yangu, aliyezaliwa chini ya migomba, aliyejua ndizi ya kupika na ya kuchoma na ya pombe kwa kuzigusa tu, alisimama mbele ya neno hilo akakwama. "Na," akasema. "Na... da..." Watoto wakaanza kucheka. "Nada," akasema mama. Vicheko vikapanda.

"Huyo wa kitambaa cha buluu ni mama ya nani?" Righa akaniuliza.

"Simjui."

Labda Righa aliniangalia mara mbili. Labda hakuniangalia kabisa. Mimi niliona nimetiliwa shaka, na kwa kuogopa shaka hiyo nikaingiza kichwa dirishani nikapiga kelele kuliko wote: "Ngumbaru! Ngumu barua!" Wengine wakalidaka. Dirisha zima likawa linaimba, ngumu barua, ngumu barua, mpaka yule mwalimu akatoka na fimbo tukatawanyika. Mama hakugeuza kichwa. Niliapa moyoni kwamba hakugeuza kichwa, na kwamba katika sauti zote zile asingeweza kuijua moja. Nilikaa na kiapo hicho miaka mingi.

Jioni tulichambua maharagwe kwenye ungo, yeye upande huu, mimi upande ule.

"Hii neno ngumbaru," akasema, "ni nini?"

Nilimweleza. Sauti yangu ilitoka ndogo. Ngumu, halafu barua, halafu inakatwa. Alifikiri kidogo, akatupa jiwe moja nje.

"Basi hawakukosea," akasema.

Hakurudi darasani. Yule mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kumbembeleza, na mara zote mbili mama alimkaribisha chai na kumwambia ana kazi nyingi. Daftari likawa la kuwashia jiko. Na mimi, niseme kweli, nilirudi kwenye kiti cha baba, na barua iliyofuata niliisoma kwa madaha yaleyale, na chai ilikuwa tamu vilevile. Hicho ndicho ninachoshindwa kujisamehe zaidi kuliko kelele za dirishani. Kelele zilikuwa za dakika moja.

Likizo ya Agosti nilipelekwa Wundanyi kwa shangazi, dada yake baba, kama kila mwaka. Nilikula kimanga cha muhogo na maharagwe, nikalala chini ya blanketi mbili, nikachuma kunde kwenye umande, sikuwaza nyumbani. Niliporudi Voi shule zikikaribia kufunguliwa, mama alinipokea stendi akiwa amevaa vizuri, anatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mambo yale ya dirishani. Njiani alinitangulia kwa haraka. Tulipofika alinawa mikono, akanikalisha, akatoa bahasha kutoka ndani ya mto wake wa kulalia.

"Hii ilikuja wiki mbili na siku tatu zilizopita," akasema. "Nimekungoja. Lakini kidogo nimejisomea."

Bahasha ilikuwa imefunguliwa kwa uangalifu. Karatasi ilikuwa imelainika kwa kushikwashikwa.

"Elija amenikumbuka," akasema mama. Akaweka kidole juu ya karatasi, chini kabisa ya salamu, akakisogeza. "Ona. Hapa ameniita mama. Hapa tena. Na hapa. Mara tatu! Vile alikuwa ananiita mgongoni. Mtu mzima na watoto wake, bado ananiita mama."

Nilitazama kidole chake. Chini yake mjomba alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake wa kunyooka: Mama anaumwa sana. Mama hali chakula. Dada, njoo upesi, Mama anakuita.

"Soma," akasema. "Anza mwanzo. Usiruke salamu."

Nilisoma salamu. Nilizisoma zote, za mjomba na za watoto wa mjomba na za majirani wa kule, na nikatamani ziwe nyingi zaidi. Zilipokwisha nikanyamaza. Mama alidhani ninanyamaza kama zamani, kumchezea, akacheka akanigusa goti. "Haya, wacha maringo." Ndipo nikasoma yaliyobaki. Sikumtazama usoni. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani, kisha sauti yake ikisema, "Soma tena hapo kwa mama." Nikasoma tena. "Tena," akasema. Nilisoma mara nne.

Tulipanda gari la moshi la Taveta lililotoka la kwanza. Mama alikaa wima njia nzima, macho dirishani, na sehemu ile ya mikonge isiyokwisha sikumwona akipepesa. Kikapu nilikibeba mimi. Ndani yake kulikuwa na sukari, kanga moja ya nyanya, na barua.

Tulifika Mata tukakuta majivu ya moto wa matanga yamezolewa kando na wanawake wawili wakiosha sufuria kubwa za kukopa. Nyanya alikuwa amezikwa siku nne zilizopita. Mjomba Elija alitoka nje ya nyumba, akamwona mama, hakumpa mkono.

"Dada, hukupata barua?"

Watu wote uani walitugeukia. Wale wanawake waliacha kuosha. Mama alisimama akiwa amefunga kile kitambaa cha buluu, vumbi la safari kwenye nyusi. Angeweza kusema, niliipata, lakini mtoto hakuwepo. Angeweza kusema, niliipata, nikasoma mama, nikadhani ni mimi. Nilimtazama nikingoja aseme.

"Sikupata," akasema.

"Niliipeleka posta mwenyewe. Kwa hii mikono."

"Haikufika, Elija."

"Barua zangu zote zinafika. Hiyo tu ndiyo ipotee?" Mjomba alikuwa na machozi. "Alikuuliza mpaka siku ya mwisho. Mlango ukilia kidogo anasema, Eda huyo. Mtu anayetaka kuja, barua moja inamtosha."

Kikapu kilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja, ninajua kusoma vizuri kuliko mtoto yeyote uani pale, na ningeweza kusema sentensi moja tu ikamwokoa mama. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na neno lile ndani yake. Mama alikubali kuonekana hana utu mbele ya ukoo mzima kuliko kuonekana ngumbaru, na neno hilo nilimpa mimi, na maana yake nilimpa mimi. Nikakishika kikapu kwa mikono miwili.

Mjomba hakuandika tena. Mama alipeleka salamu kwa watu waliokwenda Taveta, na watu walirudi bila jibu. Baba alipotaka kwenda kuwapatanisha, mama alimkataza, maana kupatana kungetaka maelezo. Mjomba alikufa akiamini dada yake alipata barua akapuuza. Kwa sehemu ya kwanza aliamini sawa.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilirudi nyumbani likizo moja na kitabu cha kufundishia watu wazima, kile chenye picha na herufi kubwa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikiweka mezani, nikamwambia mama nitamfundisha mwenyewe, taratibu, hapa ndani, bila mtu kutuona. Alikifungua kwa heshima, akapitisha kiganja juu ya ukurasa wa kwanza, akakifunga.

"Nilijua neno moja tu," akasema. "Na hiyo moja ndiyo ilinidanganya. Usiniongezee zingine."

Nikalia. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu karibu kamili, nikalia kwa sauti, nikaanza kumwambia kwamba kuna jambo, kwamba siku ile shuleni, wakati wale watoto... Hakuniacha nimalize. Alinyanyuka akachukua kikombe changu, akakijaza chai, akakiweka mbele yangu kama alivyokuwa akifanya siku za barua.

"Mlikuwa wengi pale dirishani," mama akasema. "Kunywa."